Nani Analipia Kitambaa Kinachoharibika?

Waulize mafundi wa Mwanza kwa nini vijana wengi wanaacha kujifunza kazi kabla hawajaiva. Kuanzia gereji za Nyakato hadi vibaraza vya cherehani vya katikati ya mji, jibu ni moja: vijana wa siku hizi hawana subira. Leo aingie, kesho akabidhiwe kazi ya mteja, keshokutwa afungue ofisi yake. Lawama hii imezoeleka kiasi kwamba hata mzazi anayempeleka mtoto kwa fundi huagana naye kwa maneno hayo hayo: "Mwanangu, uwe na subira."

Siikatai moja kwa moja, ila naitilia shaka. Kijana anayesemwa hana subira ndiye huyo huyo anayerudia hatua moja ya mchezo wa simu mpaka usiku wa manane; anashindwa, anaanza upya, na hakuna anayemhimiza. Ndiye anayekaa na pikipiki kijiweni toka alfajiri akingoja abiria. Ndiye anayeingia ziwani jioni kuvua dagaa na kurudi asubuhi, usiku baada ya usiku, na safari nyingine anarudi mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia hajui kuvumilia. La kuuliza ni kwa nini anavumilia huko na havumilii kwenye cherehani.

Naona hivi: kurudia kuna gharama, na pale ambapo gharama hiyo ina mtu wa kuibeba, watu hurudia bila kuhubiriwa. Mchezo wa simu ukikushinda, hujapoteza kitu. Kitambaa cha mteja ukikikata vibaya, kuna mtu analipa. Sisi tumeligeuza suala la nani analipa kuwa suala la tabia, kisha tunashangaa mahubiri hayafui dafu.

Tazama kushona nyavu kunavyofundishwa kwenye mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, ya Kayenze, Igombe au kule visiwani Ukerewe. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya giza. Taa, zamani za karabai na siku hizi nyingi za sola, huwavuta samaki pale tu ambapo mwezi hauzishindi nguvu. Mbalamwezi ikiingia, mitumbwi hupumzika siku kadhaa na nyavu hutandazwa nchi kavu. Wavu wa dagaa, wenye macho madogo sana, huzibwa kwa kushonwa. Wa sangara, ambao kisheria jicho lake halipaswi kupungua inchi 6, hufumwa jicho kwa jicho. Hapo ndipo kijana mgeni hukabidhiwa sindano ya nyavu na uzi. Fundo lenyewe halina maajabu; mwenye mikono myepesi analijua kabla ya chai ya saa nne. Shughuli ni kulifunga mara mamia huku kila jicho likitoka sawa na mwenzake. Jicho likizidi ukubwa, au fundo likiteleza, linaonekana palepale unapovuta uzi, na mzee aliyekaa pembeni haongei sana: anakata, anakurudishia.

Gharama ya kurudia hapo imeshabebwa bila mtu kutangaza. Wavu ulikwisha kuchanika, kwa hiyo hakuna cha kuharibu zaidi. Chakula cha kambi kipo. Muda upo, mwezi umeutoa. Ndiyo maana sijasikia mzee wa mwalo akilalamika kwamba vijana hawana subira ya kushona nyavu. Atalalamikia wizi wa nyavu, bei ya mafuta, samaki kupungua, na mwenye mtumbwi anayekata fedha nyingi kuliko mlivyopatana. Hilo la subira halimo kwenye orodha yake.

Lakini kilicho kikubwa zaidi hapo, kwa maoni yangu, ni jibu kuja palepale, na ndicho tunachokisahau tunaposifu mazoezi. Kurudia peke yake hakufundishi. Kurudia kunakaza kile kilichopo, kiwe sahihi kiwe kibovu. Chukua fundi umeme anayeunganisha waya bila kukaza skrubu sawasawa. Siku hiyo taa inawaka, mwenye nyumba anafurahi, fundi analipwa na kuondoka. Pale kwenye kiungo kilicholegea joto hujikusanya miezi kwa miezi, na siku plagi inapoungua fundi yuko kwenye nyumba nyingine huko Buhongwa anaunganisha vilevile. Kila nyumba anayomaliza inamwongezea imani na haimwongezei ujuzi. Mwendesha bodaboda anayepita lori kwenye kona naye ni hivyo hivyo: kila anapopona, barabara inamfundisha uongo.

Kwa hiyo kuna kazi zinazomsahihisha mtu zenyewe na kuna kazi zinazomnyamazia. Wavu unasahihisha. Mkate uliokosa kuumuka unasahihisha, na wateja wa jirani watamalizia. Uashi unasahihisha nusu: ukuta uliopinda unaonekana kwa timazi, lakini zege lenye saruji pungufu linanyamaza mpaka mvua za masika mbili au tatu zipite. Katika kazi zinazonyamaza, mwalimu ana jukumu moja ambalo hakuna kitu kingine kinachoweza kulibeba: kulisogeza jibu karibu. Afungue soketi mbele ya mwanafunzi na kumwambia hiki kimelegea, kaza. Fundi anayeshinda akimwambia mwanafunzi awe na subira, huku hamkagui, anamwachia kijana peke yake kazi inayonyamaza.

Sasa njoo kwenye kibaraza cha cherehani. Miezi ya mwanzo mwanafunzi hufagia, hupasha pasi, hununua nyuzi, hushona vifungo, na hufumua. Sidharau hayo yote. Kufumua hasa nakuona kuwa darasa lisilopewa heshima yake. Mtu aliyefumua magauni kadhaa ameshaona kola inavyokaa kwa ndani, pindo lilivyobakizwa, zipu ilivyofichwa, na mahali fundi aliyetangulia alipoiba kitambaa. Pasi nayo inafundisha jinsi kitenge, satini na suti zinavyokubali moto. Miezi miwili mitatu ya namna hiyo inaeleweka.

Tatizo ni pale mwaka unapoisha na mkasi bado ni wa kutazama kwa mbali. Hapo hatuzungumzii tena mafunzo. Ni kazi ya bure iliyobatizwa jina zuri, na mnufaika wake anajulikana. Kijana akiondoka, jamii nzima inamsuta kwamba hakuvumilia. Hakuna anayeuliza alikata nguo ngapi katika mwaka huo. Mara nyingi jibu lingetutia aibu, kwani siku zilikuwa nyingi na marudio ya kazi yenyewe yalikuwa machache. Sisi tunahesabu siku kwa sababu ndizo rahisi kuhesabu.

Hata hivyo simfanyi fundi kuwa mtu mbaya. Kitambaa kilichopo mezani si chake. Mteja ameleta doti ya kitenge kwa ajili ya sendofu ya Jumamosi, na duka alikonunua huenda halina tena rangi ile. Mwanafunzi akikosea sentimita mbili begani, fundi atalipa kitambaa, atampoteza mteja, na habari zitafika mtaa wa pili kabla ya jua kuzama. Hesabu yake iko sawa kabisa: ni heri mwanafunzi afagie. Mtu anayempa mwanafunzi mkasi katika mazingira hayo anampa zawadi kutoka mfukoni mwake, na si haki kuijenga elimu ya ufundi ya mji mzima juu ya zawadi.

Wapo wanaotafuta njia ya kupita katikati. Wanafunzi hukata kwanza karatasi za kaki, magazeti ya zamani, hata karatasi za mifuko ya saruji. Kisha viraka, kisha nguo ya mtoto, kisha nguo ya mwanafunzi mwenyewe. Njia hii ina akili nyingi kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inapunguza bei ya kosa ili marudio yaongezeke. Karatasi haina tabia ya kitambaa, haivutiki wala haitelezi, lakini inafundisha kuchora na kukata, na kuchora na kukata ndiko kunakotisha. Makoroboi, eneo lililopata jina kutokana na taa za mafuta zilizokuwa zikifuliwa pale kwa mabati chakavu, ni somo la aina hiyo hiyo. Kipande cha bati kilichookotwa kikiharibika, kinarudi kwenye rundo kilikotoka, na mkono uliokikata umepata zoezi.

Kuna jambo jingine ambalo lawama ya subira hulifunika. Kujifunza hakuendi kwa mwendo mmoja. Mwishoni mwa karne ya 19, Wamarekani wawili, William Lowe Bryan na Noble Harter, waliwafuatilia watu waliokuwa wakijifunza kutuma na kupokea telegrafu, yaani ujumbe wa herufi kwa milio ya waya. Katika taarifa zao za mwaka 1897 na 1899 walionyesha kwamba uwezo wa kupokea ulipanda vizuri mwanzoni, kisha ukasimama wiki kadhaa mahali pamoja ingawa mtu aliendelea na mazoezi kila siku, kisha ukapanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwanafunzi huanza kwa kusikia herufi moja moja, baadaye maneno, baadaye mafungu ya maneno, na kipindi cha kusimama ni pale ambapo ngazi ya chini bado haijawa ya kujiendea yenyewe. Watafiti waliofuata walibisha kama kila fani lazima ipite humo. Ubishi huo ni wa haki. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufundisha gari, gitaa au Kiingereza anakijua kipindi hicho kwa sura.

Kwenye cherehani hakichelewi. Wiki za kwanza msichana anajiona anaruka: jana mshono ulipinda, leo umenyooka. Anaanza sketi, anaimudu. Kisha zinakuja kola, zipu ya kuficha na mkono wa kukaa begani bila mikunjo, na hapo mwezi mzima unapita bila tofauti inayoonekana kwa macho. Ni katika mwezi huo huo ambapo mwenzake aliyekwenda kuuza samaki Mwaloni Kirumba anarudi na fedha mkononi kila jioni. Ukitaka kujua siku ya kuacha kazi itakuja lini, iko hapo. Fundi anayekijua kipindi hiki anaweza kumwambia mwanafunzi wake maneno machache yenye faida: umefika pale ambapo wote tulikwama, endelea na kola, acha mengine kwanza. Asiyekijua humwambia hana subira. Hatua ya kazi inageuzwa kuwa kasoro ya mtu, na mtu anaondoka akiamini hivyo maisha yake yote.

Halafu tukaletewa namba. Siku hizi kila kijana mwenye simu amewahi kusikia kwamba ubingwa ni saa 10,000. Namba hiyo ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 wa Anders Ericsson na wenzake kuhusu wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Walikuta kwamba wale waliokuwa bora walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa zaidi ya saa 10,000 walipofika umri wa miaka 20. Wastani, yaani wapo waliofika huko na wapo ambao hawakufika. Kitabu kimoja cha mwaka 2008 kikaibeba namba na kuitangaza kama kanuni, na Ericsson mwenyewe akabaki akilalamika kwamba hakusema hivyo. Alichosisitiza yeye ni aina ya mazoezi: yenye lengo dogo linalojulikana, yenye mtu wa kusahihisha, na yanayomvuta mwanafunzi kidogo kupita alipo.

Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi za aina hiyo na kuuliza mazoezi yanaeleza kiasi gani cha tofauti kati ya mtu na mtu. Katika michezo kama sataranji yalieleza asilimia 26, katika muziki 21, katika michezo ya viungo 18, katika elimu 4, na katika kazi za kitaaluma chini ya asilimia 1. Wapo waliozisoma takwimu hizo wakasema basi mazoezi ni bure. Mimi nazisoma tofauti. Kazini mtu hukaa saa nyingi, lakini ni chache kati ya hizo anapokuwa anarudia jambo kwa nia ya kulirekebisha. Zilizobaki anamaliza kazi tu. Saa za kukaa kwenye kibaraza na saa za kujifunza hazijawahi kuwa kitu kimoja. Kwa mtu wa Mwanza anayetaka kuwa fundi wa kutegemewa, si bingwa wa dunia, saa 10,000 ni namba ya kumtisha bure. Anachohitaji kujua ni kwamba wiki hii anarekebisha nini.

Turudi kidogo kwa yule kijana wa nyavu. Mbalamwezi ikiisha anaweka sindano chini na kurudi ziwani. Wiki kadhaa baadaye, mwezi ukijaa tena, vidole vimesahau kidogo. Anaanza kwa uzito, kisha anakumbuka. Mtu angedhani huo ni upotevu, bora angekaa nchi kavu mwezi mzima amalize mambo. Miaka ya 1970 Posta ya Uingereza ilikuwa ikiwafundisha wafanyakazi wake kuchapa, na Alan Baddeley na D. J. A. Longman wakapata nafasi ya kulipima jambo hilo. Wapo waliojifunza saa moja kwa siku. Wapo waliojifunza saa nne, yaani vipindi viwili vya saa mbili mbili, na wengine walikuwa katikati. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978: ukijumlisha saa zote, waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji saa chache kuliko wenzao kufikia kiwango kile kile, na waliobanwa saa nne walihitaji saa nyingi zaidi. Cha ajabu ni kwamba hao waliofaidi zaidi ndio walioridhika kidogo zaidi. Waliona siku zinakwenda na wenzao wamewatangulia.

Hapa watu wa semina huishia na ushauri: jifunze kidogo kidogo, usikimbilie kozi za wiki mbili. Mimi nasita. Saa 60 ukizigawa moja moja ni siku 60; ukizigawa nne nne ni siku 15. Kwa msichana wa Kisesa anayejifunza kompyuta mjini, hiyo ni tofauti ya kupanda daladala mara 120 au mara 30, bila kutaja chakula cha mchana na kazi za nyumbani zinazomsubiri. Akichagua kozi ya kubanana, amepoteza saa na ameokoa nauli. Amepiga hesabu, na hesabu yake haina kosa. Ukitaka ajifunze kwa kutawanya, mpelekee mashine karibu na kwao, au umfundishe siku moja mjini na siku nyingine arudie Kisesa kwenye kompyuta ya jirani kwa malipo madogo. Bila hivyo, ushauri wa kidogo kidogo ni wa watu wanaokaa karibu na chuo.

Kuhusu kurudia kitu kile kile bila kukibadilisha, sitachukua muda mrefu, kwa kuwa vilima vya Mwanza vimeshasema. Wanafunzi wengi wa udereva huanzia kwenye uwanja tambarare. Huko gari linaondoka vizuri, klachi inaachiwa kwa ustadi, na mwanafunzi anajiona amefika. Siku anapopanda kilima cha Bugando na gari la mbele likasimama, anazima mara tatu huku daladala nyuma yake ikipiga honi, na ujuzi wote unayeyuka. Robert Kerr na Bernard Booth walionyesha kitu cha aina hiyo mwaka 1978 kwa watoto wa miaka minane wanaorusha vifuko vidogo kwenye alama. Waliofanya mazoezi kwa umbali wa futi 2 na futi 4 walikuja kuwa bora kwenye futi 3 kuliko waliokuwa wakirusha futi 3 peke yake. Uwanja tambarare ni wa siku za mwanzo. Mwalimu anayemweka mwanafunzi huko mpaka mwisho anaokoa klachi ya gari lake, na simlaumu kwa hilo, klachi ni ghali. Tumerudi pale pale kwenye swali la nani analipa.

Wasukuma walikuwa na jibu lao, na halikuwa la kuhubiri. Katika bugobogobo, ngoma ambayo wageni wengi huiona kwenye makumbusho ya Bujora pale Kisesa, wachezaji hurusha majembe hewani, huyazungusha na kuyadaka bila kupoteza mapigo. Mgeni huona maonyesho. Asili yake ni shambani, kwenye vikundi vya vijana waliolima kwa pamoja huku ngoma ikipigwa. Jembe lilikuwa mkononi kutwa nzima, mapigo yalikuwa masikioni kutwa nzima, na mavuno ya mwenye shamba ndiyo yaliyolipia mazoezi. Baada ya mavuno zilikuja siku za mashindano kati ya Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma, na hapo umati ulitoa jibu, tena bila huruma: ukicheza vibaya, watu wanahamia upande wa pili. Kijana alikuwa na mahali pa kurudia bila hasara, na alikuwa na mahali pa kuonekana amekosea. Sina haja ya kuyapamba maisha ya zamani, yalikuwa na ukali wake. Ila mpangilio huo ulikuwa na akili kuliko wetu wa kumweka mtoto mlangoni na ufagio.

Sasa serikali imeamua kuurudisha ufundi darasani. Tangu Januari 2024, mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, kwa wanaoingia kidato cha kwanza, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa upande wake imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mitaani bila kupita chuoni. Yote mawili nayaunga mkono. Hofu yangu iko kwenye jambo dogo lisilopigwa picha siku ya uzinduzi: vitu vya kuharibu. Mwanafunzi wa kuchomelea vyuma haivi kwa kutazama mashine mpya iliyofunikwa turubai. Anaiva kwa kumaliza vijiti vya kuchomelea, na vijiti vinaisha, umeme unaisha, vyuma vya mazoezi vinaisha. Mwanafunzi wa ushonaji anahitaji mita za kitambaa ambazo hazitageuka kuwa nguo ya mtu. Karakana inaweza kuwa na cherehani ishirini na ikawa haifundishi, kwa sababu bajeti ilinunua mashine ikasahau nyuzi. Ukitaka kupima shule ya amali, usihesabu mashine. Chungulia pipa la takataka. Likiwa tupu, hakuna anayejifunza.

Kwa vijana walio nje ya shule, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo inamfuata mtu aliye tayari kuanza biashara. Aliye katika mwezi wa kukwama, anayehitaji kitambaa cha kuharibu na fundi wa kumkagua, hana cha kuandika kwenye fomu. Nadhani jiji la Mwanza na manispaa ya Ilemela zingeweza kujaribu jambo dogo nje ya mikopo hiyo: fundi anayekubali kuwapa wanafunzi mkasi alipwe gharama ya vifaa vya mazoezi kwa kiwango kinachojulikana, na malipo yafuate kazi zilizokatwa na kukaguliwa, si miezi iliyokaliwa. Kutakuwa na udanganyifu, najua. Kuna watu wataleta viraka vya mwaka juzi. Bado ni rahisi kukagua kuliko semina ya ujasiriamali.

Mzazi anayempeleka mwanawe kwa fundi wiki ijayo hana haja ya kuingoja halmashauri. Aulize mambo ya kawaida kabla ya kutoa ada: mwanangu atakata nini mwezi wa kwanza, mara ngapi, nani atamkagua, na kikiharibika tunagawanaje hasara. Fundi mzuri hatachukia. Atashangaa tu kwamba kuna mtu kauliza. Akijibu kwamba mwezi wa kwanza ni wa kufagia, mwulize na wa pili.